Chumba Kilikuwa Changu

Mkiniona nacheka siku hizi, jueni ni meno tu. Wiki iliyopita niliwaacha pale shamba langu la miwa lilipoteketea nami nikakimbilia ndani ya moshi kama mwendawazimu, nikatoka na kikohozi ambacho hadi leo hakijaniacha. Kabla jivu halijapoa, habari ikaja kwamba mama mkwe wangu haoni tena njia ya kwenda kisimani.

Kuna mmoja wenu aliyenishika mkono sokoni akanipa pole, akasema bila shaka mkosi ulikuwa umeishia hapo. Mwisho wapi, ndugu yangu. Hiyo ilikuwa salamu tu.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi naitwa Osiako, natoka upande wa Ekero. Mke wangu ni Nasambu. Mama ninayemtaja hapa ndiye aliyemzaa Nasambu, na jina lake sikuwa nimewahi kulitamka tangu nioe. Kwetu mkwe halitamki. Wekeni hilo akilini, kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Mama alikuwa na mtoto wa kiume mkubwa, Chrispinus, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari. Chrispinus alisema zamu zimembana. Nasambu naye alikuwa amejifungua juzijuzi. Basi mzigo wa kumpeleka mama Kakamega akapasuliwe jicho ukaniangukia mimi, pamoja na Musimbi, dada mkubwa wa mke wangu. Huyo Musimbi ni shemeji wa utani kwelikweli, mdomo wake haupumziki hata akila.

Asiyetoka kwetu inabidi nimweleze jambo. Mimi na mama mkwe hatushikani mikono. Hatuli meza moja. Nikikutana naye njiani napisha kando, naye anajifunika leso na kupita. Na kulala chini ya paa moja, hilo hata mlevi wa changaa halijaribu. Si chuki. Ni heshima, na ndiyo inayofanya mke wako akae kwako kwa amani.

Kwa hiyo mama alipopasuliwa, na daktari akataka akae mjini karibu hadi atakapomwangalia tena, nilifanya kama mtu mwenye akili timamu. Yeye na Musimbi niliwatafutia chumba katika loji moja ya karibu na soko, inaitwa Machweo. Mimi nikapanda mlima, nikachukua changu katika loji nyingine kabisa, Mapambazuko. Mapaa mawili, barabara katikati, heshima imetunzwa.

Ningejuaje kwamba loji zote mbili ni za mtu mmoja? Moja imepakwa kijani, nyingine samawati, na hakuna aliyeniambia.

Kwenye mlango wa chumba changu kulikuwa na karatasi ya masharti. Mgeni aache ufunguo kaunta kila anapotoka. Na chini yake, kwa herufi kubwa, wenye loji hawahusiki na lolote litakalompata mgeni au mali yake. Nilimuuliza karani kama nikitoka chumba kitabaki changu. Akanijibu kwa kuchoka kwamba chumba ni changu mpaka kesho saa nne asubuhi, hata nikitaka kwenda Uganda na kurudi.

Mimi ufunguo wa nyumba yangu simwachii hata ndugu yangu wa tumbo moja. Lakini sharti ni sharti, na mimi ni mtu wa kutii. Nikautundika kwenye msumari wao. Ee, Osiako, wewe.

Ulikuwa ule mwaka wa mvua ya El Nino. Barabara zilikuwa tope tupu, madaraja yamekwenda, na ajabu ya ajabu, maji kila mahali na mjini bomba halina hata tone, kwa maana mafuriko yalikuwa yamelipasua. Nilishuka hospitali kuchukua dawa ya matone ya jicho la mama. Nikaambiwa dawa imeisha, nirudi kesho. Nikakasirika, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini, nikarudi loji mapema kuliko nilivyopanga.

Ufunguo haukuwa kwenye msumari. Karani hakuwepo. Nikadhani anafagia. Mlango wa chumba changu ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Nikausukuma.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama ndani ya karai, katikati ya chumba changu, anaoga.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Jicho lake moja lilikuwa na bandeji, na lile la pili lilikuwa limekufa zamani. Aliinua uso kuelekea mlangoni.

"Ni Musimbi?" akauliza.

Nikataka kurudi nyuma polepole, niondoke kama sikuja. Ndipo kile kikohozi cha moshi kikanitoka bila ruhusa yangu. Nilikohoa mara moja, nikaziba mdomo kwa mkono.

Mama alijishika mabega, akainama. Nami nikauvuta mlango, nikabaki pale nje nimeshika kitasa.

Hivyo ndivyo Musimbi alivyonikuta alipotokea na ndoo ya pili ya maji.

"Shemeji," akasema, "unafanyanga nini kwa huo mlango?"

"Hiki ni chumba changu," nikamwambia.

Kwanza alicheka, maana alidhani ni utani wetu wa kila siku. Halafu akaniangalia usoni, akaweka ndoo chini.

Alinieleza kwa kunong'ona. Machweo maji yalikwisha kabisa, na mama alikuwa na siku kadhaa bila kuoga. Mwenye loji akawaambia wapande Mapambazuko, huko ana tangi la maji ya mvua, na kuna chumba kitupu wanaweza kutumia. Musimbi aliona koti nyuma ya mlango, lakini koti la mwanaume ni koti, angejuaje ni la nani.

Nilimwapisha anyamaze, naye akaapa kwa kaburi la baba yake. Na namwachia haki yake: alinyamaza kweli. Uchafu ulitokea kwingine.

Huyo mwenye loji aliitwa Andati. Na Andati si mgeni. Ni mtu wetu, anajua mkwe ni nani na mama mkwe ni nani, angeweza kunifundisha mimi. Nilimkuta kwenye kaunta anatafuna mahindi ya kuchoma. Nikamweleza kwa sauti ya chini alichonifanyia. Nilitegemea angeshika kichwa.

Alitafuna akamaliza kwanza.

"Umeibiwa nini?" akaniuliza.

Nikasema sijaibiwa.

"Basi malalamiko ni ya nini? Mama mzee ameoga, wewe umeona. Nani kati yenu amepungukiwa?"

Nikamwambia anajua vizuri nani amepungukiwa. Akacheka hadi akashikilia kaunta. Watu waliokuwa wanakunywa chai pale ukumbini wakauliza kuna nini, na mwanaharamu huyo akawaambia. Aliwaambia yote, nikiwa nimesimama pale pale, na kila alipofika mahali pa aibu aliongeza sauti. Kisha akaniagizia soda.

Sikuinywa. Lakini naona alishtuka baadaye, akakumbuka kwamba wenye loji nao wanaweza kulaumiwa, kwa sababu hadithi iliyotangulia kufika Ekero kabla yangu haikuwa ile aliyoisimulia kwenye chai. Hii mpya ilisema Osiako alikuwa amesharudisha ufunguo na kuhama. Chumba akapewa mama. Ndipo Osiako akarudi kinyemela na kumchungulia mama mkwe wake akioga.

Chrispinus alikuja kwangu na wazee wawili. Walikataa kuingia ndani, wakakataa hata maji ya kunywa. Walikaa uani kwenye mvua nyepesi, kofia kichwani, wakasema neno lao. Kama chumba kilikuwa cha mama, basi niliingia kwa makusudi, na watamchukua dada yao na watoto wote, na nisikanyage kwao hata siku ya msiba. Kama kilikuwa changu, basi mwenye hatia ni Andati, na wao wenyewe watanisindikiza kwenda kumshika.

"Tuonyeshe kilikuwa cha nani," akasema Chrispinus. "Mpaka hapo sisi hatujui wewe ni mtu wa namna gani."

Niliwaza karani atanisema vizuri, lakini karani anakula kwa Andati. Niliwaza Musimbi, lakini yeye aliambiwa ni chumba kitupu, hana zaidi ya hilo. Nasambu alikuwa amekaa mlangoni ananyonyesha, anasikiliza maisha yake yanavyogawanywa.

Siku ya pili yake alikwenda kumwona mama yake, akarudi na ujumbe.

"Mama amesema umpelekee kuku mwekundu," akaniambia. "Uende peke yako. Usiseme neno lolote, kwake wala kwa mtu. Yeye atajua la kufanya."

Nikamuuliza kama mama anajua kwamba ni mimi.

"Hakuniambia anajua nini. Amesema kuku, na ukae kimya. Baba watoto, tafadhali. Kuku ni huyo anatembea hapo."

Alikuwa anatembea kweli, jogoo mwekundu, anachokora tope mbele ya miguu yangu. Ningemshika kwa mkono mmoja tu.

Lakini damu ilinichemka. Kwetu kuku anapelekwa na mwenye kosa. Mimi nilikosa nini? Nililipia chumba. Nilitii sharti la ufunguo. Niliweka mapaa mawili na barabara katikati. Nikimpeleka huyo kuku, nimekubali kwamba mimi ni mchunguliaji, na Andati anaendelea kutafuna mahindi yake. Nilimwambia Nasambu kuku wangu hawezi kulipia dhambi ya mtu mwingine.

Nasambu alinitazama sana. "Sikutaka haki," akasema. "Nilitaka kukaa hapa."

Mimi na kichwa changu kigumu nikaenda kutafuta wakili.

Nilimpata Kipruto, kijana wa Kikalenjini aliyekulia Lumakanda, anaongea Kiluhya kutuzidi sisi. Hakunitoza kitu, alikuwa na lake na Andati. Alinisikiliza, halafu akaniuliza swali moja tu: siku hiyo koti langu lilikuwa wapi? Nikasema nyuma ya mlango.

"Basi hukuwa umehama," akasema. "Chumba ulicholipia ni nyumba yako mpaka muda wako uishe. Mwenye loji anaweza kuingia kufagia, au moto ukiwaka. Kumwingiza mgeni mwingine hawezi. Ile karatasi yake ya ukutani haifuti hilo, na kuacha ufunguo kaunta ni kutii sharti lake, si kuhama."

Jamani, nilitaka kumbusu. Nikamtajia na habari ya kuku. Akatikisa kichwa, akasema nisithubutu, kwa maana Andati atasimama kortini aseme nimekiri. Nikafurahi kwamba sheria nayo inaniunga mkono katika jambo hilo.

Siku ya kesi tuliyomfungulia Andati, Chrispinus na wazee wake walikuja, wakakaa upande mmoja. Nasambu alikaa upande wa pili na mtoto mgongoni. Nilikuwa na imani. Suti niliazima, lakini imani ilikuwa yangu.

Ndipo mlango ukafunguliwa na Andati akaingia, amemshika mama mkwe wangu mkono.

Alikuwa amemfuata hadi kijijini kwa pikapu yake. Alimwambia ni wito wa korti. Bandeji ilikuwa imetolewa, na lile jicho lililopasuliwa sasa lilikuwa linaona. Mama aliniona pale mbele, akajifunika leso haraka na kugeuza uso, kama inavyotakiwa. Andati akamkalisha kwenye benchi la mbele kabisa, karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni yake.

Nilielewa alichofanya. Alijua mtu wa kwetu hawezi kulisema jambo hilo mbele ya mama mkwe wake. Nikinyamaza, sina kesi. Na Andati, mtoto wa mama mwingine, alikuwa ameketi anatabasamu.

Kipruto aliyaeleza yote vizuri, koti, ufunguo, saa nne ya asubuhi. Karani aliapa kwamba nilihama, lakini alipoulizwa koti lilibaki la nini, akaangalia miguu yake. Mambo yalikuwa yananiendea. Kisha Andati, ambaye alijitetea mwenyewe, akasimama kuniuliza.

"Unasema ulikosewa," akasema taratibu. "Ulimwona nani ndani ya hicho chumba? Na alikuwa katika hali gani?"

Hakimu akaniambia nijibu. Nikamtazama Kipruto, naye akaniambia kwa macho kwamba bila hilo hakuna kosa lililothibitishwa. Nikamtazama Nasambu. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, hapana, hapana.

Ningeweza kunyamaza. Najua ningeweza. Ningepoteza kesi, ningechukua yule jogoo, ningeenda kupiga magoti nje ya mlango wa mama nikiwa mshinde. Lakini Andati alinikonyeza jicho.

"Nilimwona Awinja," nikasema. "Alikuwa uchi."

Korti ilikuwa na mkalimani wa kuwafasiria wazee kwa lugha yetu. Alikuwa mtu mzima, mtu wa heshima. Alifungua mdomo, akaufunga. Akalisema kwa sauti ya chini sana, kama anajisemea. Hakimu, ambaye si mtu wa kwetu, akamwamuru alirudie kwa sauti ili watu wa nyuma wasikie.

Akalirudia. Wazee wakatazama sakafu. Mama hakusogea.

Hukumu ilisomwa baada ya chakula cha mchana, na ilikuwa fupi. Chumba kilikuwa cha Osiako. Mwenye loji hakuwa na haki ya kumwingiza mtu mwingine mle. Andati uso ulimshuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kutafuna. Chrispinus alinigeukia, akavua kofia. Kwa watu wenye maneno machache kama wao, hiyo ilikuwa ni kuniomba radhi.

Nilikuwa nimeshinda. Furaha ilinipanda kifuani, na pamoja nayo kile kikohozi. Nikakohoa.

Mama mkwe wangu akasimama.

"Kikohozi hicho," akasema. Alisema kwa Kiswahili ili asibaki mtu asiyeelewa. "Nilikisikia siku ile nikiwa kwa karai. Nilijua ni wewe kabla hujafunga mlango."

Hakimu alimwambia akae, kesi imekwisha. Hakukaa.

"Nilijua, nikameza. Nilikuambia ulete kuku na unyamaze. Ningemchinja mimi mwenyewe, ungekula, na hapo tungemaliza. Hata huyu Andati na domo lake, watu wangesema ni umbea wa Andati. Aliyeona ni wewe peke yako, na mimi nilikuwa nimekusamehe."

Aliondoa leso usoni. Tangu nimuoe binti yake hatukuwa tumetazamana macho kwa macho, na hilo jicho moja lililopona, lile nililohangaika nalo kwa dawa na tope, lilinikazia.

"Leo umenitaja jina," akasema. "Umenivua mbele ya watoto wangu na wanaume nisiowajua. Umewaonyesha kwa mdomo. Basi wacha waone kwa macho."

Mkono wake ukaenda kwenye fundo la leso aliyojifunga kiunoni.

Kwetu mama akijivua mbele ya mkwe kwa hasira, hakuna kuku, hakuna mbuzi, hakuna padri anayeweza kukutoa hapo wewe na kizazi chako. Kila mwanaume mle ndani alilijua hilo. Wazee waliinuka wakagombania mlango. Mkalimani aliruka meza. Andati, huyo huyo Andati, alijifunika uso kwa mikono na kukimbia akigonga mabenchi. Hakimu akabaki anauliza kuna nini, na hakuna aliyebaki wa kumfasiria.

Mimi miguu ilikataa. Nilisimama pale na hukumu yangu ya haki, nikimtazama.

Nasambu ndiye aliyefika. Alikuwa amemwacha mtoto kwenye benchi, analia. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akasimama mgongo kwangu, na mikono yake miwili ikashuka juu ya mkono wa mama yake, pale kwenye fundo.

Kutoka niliposimama niliona viwiko vyake tu, vinafanya kazi. Sikuweza kuona kama alikuwa analishikilia lile fundo au analifungua.